Kisanduku Kilichonyamaza na Binti Aliyetuhumiwa



Tulikuwa tumeahidi kuendelea na mazungumzo yetu kuhusu malezi ya vijana. Twaomba radhi, mazungumzo hayo yatarejea wiki ijayo inshaallah. Wiki hii tumeona tuwasimulie jambo tulilolishuhudia safarini, kwa kuwa ndani yake mna faida ya dini na faida ya dunia, na kwa kuwa siku hizi nyumba nyingi za Waislamu zimeingiwa na vyombo vya kurekodia sauti. Mabinti wetu hurekodi kasida za harusi, akina mama hurekodi darsa zao, na vijana hurekodi visomo vyao wapate kujisahihisha.

Safari yenyewe ilikuwa ya kumzuru mzee wetu mmoja wa kike, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa miaka zaidi ya arubaini alisomesha wanawake na watoto katika chuo kilichokuwa barazani kwake. Wanafunzi wake wote humwita Bi Mwalimu, nasi tutamwita hivyo hivyo. Umri wake umepita miaka sabiini na mitano, na tangu mwaka uliopita amehamia kwa mwanawe, ambaye kazi imempeleka nchi ya majani chai, katikati ya Litein na mji wa Kericho.

Tulipanda gari Nairobi, tukapita Mai Mahiu na Narok, tukaingia Bomet, na tulipofika Kaplong tukakunja njia ya Kericho, tukipita Kapkatet kisha Litein. Asiyepata kuiona nchi hiyo na ajue kwamba majani chai huko hayaonekani mwisho. Mashamba makubwa yalianza kupandwa katika miaka ya 1920, na hadi leo vilima vimefunikwa kwa mimea iliyopunguzwa usawa mmoja kama busati lililotandikwa. Jua huwaka asubuhi, na aghalabu alasiri mvua hushuka kwa kishindo juu ya mabati. Mvua hiyo, ndugu msomaji, usiisahau, tutairejea.

Tulifika Jumamosi baada ya Magharibi. Nyumba tuliikuta na huzuni ya aina mbili.

Huzuni ya kwanza ilikuwa ya maradhi. Bi Mwalimu alikuwa na rovu shingoni, na madaktari walikuwa wameshampangia upasuaji siku ya Alkhamisi. Walimweleza kwa uwazi kwamba mishipa iendeshayo sauti hupita karibu sana na mahali watakapokata, na kwamba kwa baadhi ya wagonjwa sauti hubadilika, ama kwa muda au moja kwa moja. Yeye alilipokea hilo kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusema Alhamdulillahi. Alitaka jambo moja tu: kabla ya Alkhamisi awaachie wajukuu wake sauti yake. Alitaka kuwatajia nasaba ya ukoo, kuwafundisha namna ya kumwosha na kumkafini maiti wa kike, jambo ambalo yeye alilipokea kwa mdomo wa mamake, na kuwaombea dua kila mmoja kwa jina lake.

Huzuni ya pili ilikuwa ya chombo. Mwanawe alikuwa amenunua kwa shilingi zaidi ya elfu 20 kisanduku kidogo cha kuingizia sauti katika kompyuta, kile ambacho mafundi hukiita intafesi ya odio. Kazi yake ni kuipokea sauti kutoka kwa maikrofoni, kuigeuza kuwa hesabu za namba, na kuikabidhi kwa programu ya kurekodia. Mjukuu wa kike, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa amekijaribu mwezi uliotangulia kikafanya kazi vizuri. Wiki ile kilikataa. Taa yake iliwaka, lakini programu haikukiona. Kila alipobonyeza kitufe chekundu cha kurekodi aliambiwa kwamba chombo hakikuweza kufunguliwa.

Na kwa sababu kimeharibika, ikabidi apatikane wa kulaumiwa. Aliyelaumiwa ni binti anayesaidia kazi za nyumba, msichana wa Kikipsigis ambaye kwao ni upande wa Kapkatet. Ilisemwa kwamba alionekana na kikombe cha chai karibu na meza ile, na kwamba alikipangusa kisanduku kwa kitambaa kibichi. Baba mwenye nyumba alikuwa amekwisha kata shauri: binti aondoke mwisho wa wiki ijayo, na gharama ya chombo ikatwe katika mshahara wake.

"Sikumwaga chai, mzee," alituambia alipotuletea maji ya kunawa, nasi hatukuwa tumemwuliza. "Nilipangusa meza tu."

Twakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba usiku ule hata sisi tulidhani amekiharibu. Tulijisemea moyoni: chai na umeme havipatani, na mtoto akiogopa hukana. Mwenyezi Mungu atusamehe.

Jumapili asubuhi tulimpigia simu kijana mmoja wa Mombasa, mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye siku hizi hufanya kazi ya ufundi wa sauti na ndiye hutusaidia kurekodi darsa zetu. Tulimweleza kwamba kisanduku kimekufa. Akatujibu kwa adabu, lakini kwa neno lililotuzindua: "Maalim, usiniambie kimekufa. Niambie sauti imefika wapi."

Hatukumfahamu. Akafafanua: "Sauti hutoka mdomoni ikaingia maikrofoni. Kutoka maikrofoni hupita waya hadi kisandukuni. Kutoka kisandukuni hupita waya wa pili hadi kwenye kompyuta. Kompyuta huikabidhi kwa programu, na programu huiandika. Mahali fulani katika njia hiyo imekatika. Tupite kila kituo, na tusibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, maana tukibadilisha viwili hatutajua ni kipi kilichoponya."

Hapo tulicheka peke yetu, kwa kuwa mwanafunzi alikuwa akitusomesha somo tulilomsomesha sisi. Je, si ndivyo wanavyuoni wa Hadithi walivyofanya? Walipoletewa khabari hawakusema tu ni sahihi au ni mbovu. Walitazama isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Wakamchunguza kila mpokezi: je, alikutana kweli na yule anayemtaja? Je, hifadhi yake ni madhubuti? Mnyororo wa wapokezi kumi ukikatika pahala pamoja, tisa waliobaki hawahukumiwi kuwa waongo. Hutafutwa pale palipokatika. Sauti nayo ina isnadi yake, nasi tukaanza kuichunguza.

Kituo cha kwanza tulichokichunguza kilikuwa kati ya kisanduku na kompyuta. Kijana aliuliza: "Waya uliochomekwa ni ule uliokuja na kisanduku?" Mjukuu akautazama, akauchomoa, akautazama tena. Haukuwa wenyewe. Ule wa asili ulikuwa mnene na mweusi. Huu ulikuwa mweupe na mwembamba, wa kuchajia simu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Nyaya za USB hufanana kwa vichwa lakini hazifanani kwa matumbo. Ndani ya waya kamili mna nyuzi za umeme na nyuzi za khabari. Baadhi ya nyaya za simu, hasa za bei nafuu, zimewekwa nyuzi za umeme peke yake. Ukiuchomeka waya kama huo taa ya kisanduku itawaka, kwa kuwa umeme wafika, lakini kompyuta haitajua kwamba kuna kitu, kwa kuwa hakuna uzi wa kupitishia khabari. Taa, basi, ni ushahidi wa umeme, si ushahidi wa mawasiliano.

Tukauliza: waya wa asili uko wapi? Kimya kikatanda. Kisha baba mwenye nyumba akainuka polepole, akaenda chumbani kwake, akafungua mkoba wa kazini, akarudi na waya mnene mweusi. Alikuwa ameuchukua siku kumi nyuma ili atoe picha katika simu yake, na mahali pake akaacha waya wa kuchajia, akidhani nyaya zote ni mamoja. Kisha akasahau.

Mjukuu akauchomeka. Jina la kisanduku likatokea katika kompyuta papo hapo.

Hatukusema neno, wala hapakuwa na haja. Binti wa kazi alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Bi Mwalimu ndiye aliyesema, kwa sauti yake iliyokwisha kuanza kukwaruza: "Mwanangu, deni hilo ni lako. Lilipe kabla ya Adhuhuri."

Nasi tukakumbuka yale waliyoyataja wafasiri wengi katika kueleza aya za Suratun Nisaa kuanzia aya ya 105: mtu mmoja wa Madina aliiba deraya, na jamaa zake wakataka hatia imwangukie Myahudi asiyekuwa na kosa, naye akatakaswa kwa aya zilizoteremka. Binti yule si wa dini yetu, na ni mnyonge katika nyumba ya watu. Haki yake juu yetu haikupungua kwa hilo, bali ilizidi. Na Suratul Hujurat imetuamrisha kuihakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukaja kujuta, kisha ikatutaka tujiepushe na dhana nyingi. Kwa hakika, nyumba ile ilikuwa imeziacha amri mbili kwa waya mmoja.

Baba yule, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, hakujitetea. Alimwita binti mbele ya watu wote wa nyumba, kwa kuwa tuhuma ilitolewa mbele yao, akamwomba radhi, na akamwambia kwamba hakuna shilingi itakayokatwa. Binti akajibu "Ni sawa, baba," kisha akaenda jikoni, na mama mwenye nyumba akamfuata. Walikaa huko muda mrefu.

Tungependa kusema kwamba baada ya hapo kazi ilikwisha. La. Mnyororo wa sauti waweza kukatika pahala pengi kwa wakati mmoja, na hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi: huponya moja, wakaona bado, wakadhani hawakuponya kitu. Tutayataja yaliyofuata kwa mpangilio, huenda yakamfaa mama au binti aliye na chombo kama hicho.

Pili lilikuwa la ruhusa. Kompyuta sasa ilikiona kisanduku, lakini programu ilikataa kukifungua. Kijana akatuelekeza katika mipangilio ya faragha ya Windows, penye mlango wa maikrofoni, na tukaukuta umefungwa. Mifumo ya siku hizi haiziruhusu programu kusikiliza mpaka mwenye kompyuta aridhie. Mjukuu alikuwa ameufunga mwenyewe kwa hadhari, na amefanya jambo zuri. Sisi twafundishwa katika Suratun Nur tusiingie nyumba za watu ila kwa idhini, na wala hatukuchukia kuona kwamba kompyuta nayo yataka ipigiwe hodi. Akaufungua, akahakikisha pia kwamba hakuna programu nyingine, kama zile za mikutano ya masafa, iliyokuwa imekishika kisanduku wakati ule.

Katika hatua hii kuna jambo jingine ambalo kwake yeye lilikuwa tayari, lakini laweza kuwa ndiyo ila kwa mwingine. Ni draiva, ile programu ndogo ambayo ni mkalimani kati ya kompyuta na chombo. Visanduku vingi hufahamiana na kompyuta za Apple bila mkalimani. Kwa Windows aghalabu yafaa kumchukua mkalimani kutoka kwa watengenezaji wa chombo chenyewe. Na baada ya kumweka, iwashe kompyuta upya. Vilevile ndani ya programu ya kurekodia, iwe Audacity ambayo ni ya bure au nyingineyo, ni lazima uchague kwa jina kwamba sauti itoke katika kisanduku, la sivyo itaendelea kusikiliza kwa maikrofoni ndogo ya kompyuta nawe usijue.

Tatu, programu ilikubali kurekodi, lakini mstari ulikuwa umenyooka kama uzi: hakuna sauti. Maikrofoni waliyokuwa nayo ilikuwa ya aina ya kondensa, ambayo haiishi bila kulishwa umeme wa volti 48 kutoka kisandukuni. Kuna kitufe chake kilichoandikwa 48V. Kilikuwa kimezimwa. Maikrofoni za aina ya dainamiki, zile ngumu ambazo huonekana mikononi mwa wahubiri, hazihitaji umeme huo. Tulipokibonyeza na kungoja kidogo, mstari ukaanza kutetemeka. Ilikuwa ni pumzi ya Bi Mwalimu.

Nne, akasoma Bismillahi na maneno machache ya majaribio. Mjukuu akayarudisha tusikilize, na sote tukashtuka: ilitoka sauti nzito, ya pole, mfano wa sauti ya mwanamume mgonjwa. Bi Mwalimu alinyamaza, akaweka mkono shingoni, akauliza, "Ndivyo nilivyokwisha kuwa?"

Swali lile lilituchoma. Mjukuu aliangua kilio. Lakini kijana kwenye simu alitulia, akasema: "Nyanya, sauti yako haina neno. Ni hesabu zimepishana." Kisanduku, alieleza, huikata sauti vipande 48,000 kwa kila sekunde, ilhali programu ilikuwa imepangwa kusoma vipande 44,100. Vipande vingi vikisomwa kwa mwendo mdogo, maneno huchelewa kwa kadiri ya sehemu nane katika mia, na sauti hushuka chini. Tukavilinganisha vyote viwili viwe 48,000, katika mipangilio ya kompyuta na ya programu, akasema tena. Ikatoka sauti yake mwenyewe, yenye mkwaruzo wake na lafudhi yake ya Mombasa. Akatabasamu: "Alhamdulillahi. Huyo namjua."

Tano, sauti ilisikika sikio la kushoto peke yake. Hili lisiwatishe. Kisanduku kina milango miwili ya kuingilia, nayo maikrofoni moja huingia mlango mmoja. Chagua katika programu njia moja badala ya mbili, na sauti itakaa katikati.

Sita, alipovaa hedifoni alisikia maneno yake yakimrudia kwa kuchelewa, kama mtu aliye kisimani, akapotewa na mpango wa maneno. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuirudisha; fungu la vipande 1,024 huchelewesha kwa zaidi ya sehemu 20 katika elfu ya sekunde, na ucheleweshaji huo hutokea wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Ukipunguza fungu mpaka 256 kuchelewa hupungua, lakini kompyuta dhaifu huweza kuanza kukatakata sauti. Dawa nyepesi zaidi ni kitufe kilicho kwenye visanduku vingi, kinachomwezesha msemaji kujisikia moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Au avue hedifoni, kama alivyofanya Bi Mwalimu: "Mimi nimesema miaka yote bila ya kujisikiliza."

Saba, na hili ni la kutuchekesha. Alasiri ile kulikuwa na mngurumo mzito ndani ya sauti. Tulipunguza kiwango cha kupokelea, tukabadilisha waya wa maikrofoni, tukaiondoa chaja ya kompyuta, kwa kuwa chaja nazo huweza kuleta mvumo. Tulihangaika karibu nusu saa. Mama mwenye nyumba akaingia, akatutazama, akasema kwa upole: "Maalim, hiyo ni mvua."

Basi tukaazimia kurekodi baada ya Alfajiri, kabla ya magari na kabla ya mawingu, madirisha yakiwa yamefungwa, mazulia na mablanketi yakitundikwa nyuma ya msemaji ili sauti isigonge ukuta na kurudi. Siku ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kwa saa moja moja, Bi Mwalimu alikaa juu ya msala wake na maikrofoni mbele yake kwa umbali wa shibiri moja, akasema. Sisi tulitoka nje, kwa kuwa mafunzo ya kuosha maiti wa kike na dua za binti zake hazikuwa zetu kuzisikia. Tulikaa barazani tukitazama ukungu juu ya majani chai.

Asubuhi ya Jumanne binti wa kazi alituletea chai barazani, nasi tukamwuliza khabari za kwao Kapkatet. Tukamsimulia jambo ambalo hakuwa amelisikia. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alifika Kapkatet akisafirisha vyombo vyake vya kurekodia kwa gari. Huko alirekodi mabinti wa Kikipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Santuri za mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers zilikuwa zimefika katika nchi ile. Jina lake likageuka ulimini likawa Chemirocha, na kwa kuwa walisikia sauti bila ya kumwona mwenyewe, walimwimba kama kiumbe nusu mtu na nusu paa. Sauti za mabinti wale zikaenda Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka wa 1954. Na baada ya zaidi ya miaka 60 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha nakala kwa wenyewe, na baadhi ya waliorekodiwa zama zile wakakutwa wangali hai.

Hatukumsimulia kwa ajili ya wimbo, bali kwa ajili ya amana. Sauti ya mtu ikitolewa kwake na ikahifadhiwa, kuna siku mwenyewe au kizazi chake watakuja kuidai. Binti alisikiliza, kisha akauliza kama kisanduku kile chaweza kurekodi pia nyanya yake, ambaye ajua hadithi nyingi za zamani. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa mlangoni, alimjibu kabla yetu: "Mlete siku ya Jumapili."

Umma wetu nao unaijua thamani ya jambo hili. Qur'ani ilihifadhiwa vifuani tangu zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, na wala haikuhitaji mashine. Hata hivyo, Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri aliporekodi kisomo kamili cha murattal, kikaanza kusikika mwaka wa 1961, wangapi katika pwani yetu walisahihisha matamshi yao kwa sauti hiyo bila ya kufika Kairo? Chombo hakikuwa mwalimu. Chombo kilimfikisha mwalimu.

Kabla hatujaondoka tuliiusia nyumba ile mambo matatu, nanyi twawausia. La kwanza, nakala isiwe moja. Saa moja ya sauti ya njia moja, katika mfumo wa WAV wa vipande 48,000 na biti 16, ni takriban megabaiti 345, na flashi ndogo hubeba masaa mengi ya namna hiyo. Wamekwisha weka nakala kwenye kompyuta, ya pili kwenye flashi iliyofungwa kabatini, na ya tatu tumeibeba sisi katika bahasha hadi kwa dadake Mombasa. La pili, sauti ya mama ni sitara. Aliyesema kwa ajili ya binti zake asirushwe katika simu za watu. Bi Mwalimu mwenyewe alitaja mwanzoni mwa kila fungu nani asikilize, na hilo ni sharti kama sharti la wakfu. La tatu, chombo kikikataa, msianze na mtu. Anzeni na waya.

Wakati tunapoyaandika haya, Bi Mwalimu amekwisha fanyiwa upasuaji, naye yu salama, Alhamdulillahi. Sauti yake haijarudi. Hunong'ona, na daktari amesema wangoje miezi kadhaa kabla ya kukata tamaa. Mjukuu wake alitupigia simu juzi, akatuambia kwamba usiku, nyanya akishalala, yeye huvaa hedifoni akasikiliza fungu la dua, na lilipofika jina lake alilisimamisha na kulirudia mara nyingi. Akatuuliza kama kuna ubaya. Tulimwambia hakuna, lakini asubuhi akae karibu na nyanya yake na amsikilize kwa mnong'ono ule ule alio nao.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amponye Bi Mwalimu na amrudishie sauti yake, atusamehe tuliomdhania vibaya binti asiye na kosa, na atupe subira ya kuhakikisha kabla ya kuhukumu. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.